Mama Mlango na uso wa mama yake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla foleni ya ofisi ya hati za kusafiria haijafika kwenye kona, mwanamke mmoja anapanda juu ya kiti cha plastiki na kufuta ukuta mweupe kwa kitambaa chenye maji. Anaufuta taratibu, kuanzia juu, kama anayemwosha mtoto uso. Ukuta ukiwa na doa, picha itakuwa na doa, na picha ikiwa na doa safari ya mtu imelala.

"Huu ukuta nauogesha kuliko wanangu," anasema bila kugeuka. "Wanangu wakiwa na tope shingoni, hakuna mtu wa viza atakayewarudisha nyumbani."

Anashuka. Anaiweka stuli ya mbao kwenye alama aliyochora sakafuni kwa rangi, kisha anawasha taa mbili alizozifunika kitambaa chepesi ili mwanga usiwachome watu macho. Chumba hiki zamani kilikuwa cha fundi cherehani, na mpaka leo ukifagia pembeni utaokota pini. Kwenye msumari karibu na kioo linaning'inia koti jeusi, limechoka mabega, kishikizo kimoja si cha ukoo wake.

Mteja wa kwanza ni nesi anayetoka zamu ya usiku. Amevaa sare nyeupe, na amekaa mbele ya ukuta mweupe.

"Dada yangu, ukikaa hivyo kitatokea kichwa peke yake, kinaelea," mpiga picha anamwambia. "Vaa hilo koti. Usiliogope, ni safi. Koti hilo limeshakwenda visiwani mara nyingi mpaka wenyeji wanalijua. Mimi mwenyewe uwanja wa ndege nimefika kusindikiza watu tu."

Nesi anavaa, anakaa, anakaza uso. Masharti ya viza yamebandikwa mbele yake: masikio yaonekane, nywele zisifike kwenye nyusi, miwani chini, mdomo ufungwe, usicheke. Na hapo hapo, kwa kulisoma neno hilo la mwisho, midomo yake inaanza kucheza. Anajikaza, anashindwa, anajifunika uso kwa viganja.

Mpiga picha hamgombezi. Anainama nyuma ya kamera na kumuuliza kwa sauti ya kawaida, kama aliyekumbuka jambo: "Umefunga mlango?"

Uso wa nesi unatulia. Mdomo unajifunga, macho yanafunguka na kutazama mbele, yanatafuta ufunguo, komeo, asubuhi ilivyokuwa. Kamera inalia mara moja. Picha imepatikana.

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Mlango.

Mwandishi wa makala haya, ambaye hupenda kujiona mtu makini asiyechezewa akili, alikaa kwenye stuli ile siku ya kwanza ili apate kuonja kazi yenyewe. Alijua swali linakuja. Alikuwa ameshaliona likiwapata watu saba. Lilipokuja, mkono wake ulikwenda mfukoni kutafuta funguo kabla hajauzuia, na benchi la wateja wanaosubiri likavunjika mbavu kwa kicheko.

Swali hilo Mama Mlango hakulibuni kwa ujanja. Anasema mwaka wake wa kwanza wa kazi alikuja bwana mmoja na mkewe, wametoka kuoana, kila mmoja akimwangalia mwenzake wanacheka. Walimpotezea asubuhi nzima. Katikati ya mahangaiko yale akakumbuka nyumbani kwake, akajisemea kwa sauti, "Hivi mimi nimefunga mlango kweli?" Bwana harusi akanyamaza. Bibi harusi akanyamaza. Wote wawili wakaanza kuufikiria mlango wao.

"Nikapiga fasta," anasema. "Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mtu asicheke. Ukimwambia mtu asicheke umemtekenya."

Ni kweli kwamba wapo wasiopatikana na swali hilo. Watoto wachanga hawana mlango. Hao huwekwa mapajani kwa mama, kisha mama mwenyewe anafunikwa shuka jeupe mzima mzima, awe ukuta, na mikono yake ndani ya shuka inashika kichwa cha mtoto. Mama Mlango husubiri tu. Siku moja baba mmoja aliingia kumtafuta mkewe, akakuta mtoto wake amekaa juu ya kitu cheupe kinachopumua. Alitoka nje mbio, na habari hiyo bado inasimuliwa kwenye foleni.

Picha nne za viza anauza kwa bei ya mikate miwili. Siku ya foleni ndefu hupiga watu thelathini, siku ya mvua watano, na mvua ikipiga juma zima, umeme wa printa unalipwa kwa kujinyima. Si kazi ya kutajirisha mtu. Lakini imemsomeshea watoto wawili, na anaipenda kwa namna ambayo ukimwuliza anaona haya kuisema.

Wengi wa wateja wake wanakwenda sehemu moja, visiwa vile vilivyo mbali baharini, ambavyo vinatawaliwa na dola iliyo mbali zaidi. Huko kuna hoteli, kuna hospitali, kuna wazee wengi wasio na watoto karibu, na kazi za kuwahudumia hazina watu. Kinachowachanganya watu ni karatasi. Mtu anapata viza ya kwenda kwa wenye visiwa, anafunga sanduku, anafika uwanjani, anaambiwa viza hii ni ya bara lao, visiwa vina viza yake. Bendera ni ile ile, pesa ni ile ile, lakini mlango ni mwingine.

"Bendera moja, milango miwili," Mama Mlango huwaambia wateja wakiwa bado wamekaa kwenye stuli. "Ukija kuniambia unakwenda, nikuulize kwanza, unaingilia wapi?"

Anayajua haya kwa uchungu, maana yuko mtu wake kule.

Dada yake mkubwa aliondoka miaka kumi na moja iliyopita kwa mkataba wa mwaka mmoja. Anafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee. Kamera ya kwanza ya Mama Mlango ilitoka kwake, ilinunuliwa kwa mshahara wa kwanza wa visiwani na kuletwa na msafiri, imeviringishwa ndani ya taulo. Mkataba wa mwaka ukazaa mwingine, kisha kibali cha kuishi kikaisha muda, akaomba kipya, akapewa karatasi ya kusubiria. Karatasi hiyo inamruhusu kubaki na kufanya kazi. Ila akitoka tu, haimruhusu kurudi.

"Kwa hiyo yuko halali kabisa, lakini amefungwa," anasema mdogo wake. "Akija kutuona, amepoteza kazi. Asipokuja, ametupoteza sisi. Na sisi wote tulikuwa tunakula kwa kazi hiyo, unamwambia nini mtu wa namna hiyo?"

Baba yao alifariki miaka saba iliyopita. Dada alizika kwa simu. Mama Mlango ndiye aliyeishika simu ile makaburini, ameinyanyua juu ya vichwa vya watu ili dada, upande wa pili, asikie.

"Mkono uliniuma mpaka ukafa ganzi, sikuushusha. Nilikuwa nasikia analia humo ndani, sauti ndogo. Watu walidhani ni upepo."

Tangu siku hiyo mama yao na dada wanapigiana simu kila Jumapili. Wanazungumza habari za magoti, mvua, bei ya nyanya, nani ameoa na nani ameachwa. Siku ya mazishi hawajaigusa. Kila mmoja anaizunguka kama shimo la barabarani analolijua.

Mama mwenyewe ni mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye mtandio wa rangi ya chungwa na meno aliyobakiwa nayo ya kutosha. Majirani wanamwita Bibi Wazi, na sababu iko kwenye nyumba yake. Hafungi mlango. Anaurudishia tu, ufunguo unakaa kwenye msumari, usiku na mchana, tangu mtoto wake mkubwa aondoke.

"Hakuchukua ufunguo," anaeleza, kana kwamba ni jambo la juzi. "Aliniambia anakwenda mwaka. Sasa arudi usiku, agonge kwao kama mgeni?"

Na mwizi je?

"Aliingia mmoja. Alichukua redio. Nilimhurumia, redio yenyewe ilikuwa mbovu."

Mwaka huu alipiga moyo konde. Kama mtoto hawezi kuja, mama atakwenda. Alisema hivyo siku moja akichambua mboga, hakuinua kichwa, na binti yake akadhani anatania. Kesho yake alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya hati za kusafiria, amebeba cheti cha kuzaliwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mfuko wa kitambaa ndani ya pochi.

Pasipoti ilipatikana, na picha yake ilipigwa kwa mashine ya ofisini palepale, na mtumishi ambaye bibi hakumjua wala hakumpenda, hivyo uso ulitoka umenuna vizuri. Shida ilikuja kwenye viza ya visiwani. Ile inataka picha mpya, yenye vipimo vyake, na nani wa kuipiga kama si mtoto wa tumbo lake? Jirani alipomshauri ajaribu studio nyingine, bibi alimtazama kama aliyemtukana. "Nina fundi nyumbani, nikapigwe picha na nani? Watu watasema nini?"

Kwa hiyo akaja, akakaa kwenye stuli, akamwona mwanawe anainama nyuma ya kamera, akacheka.

Si kucheka kwa sauti. Uso wote ulifunguka tu, mashavu yakapanda, meno yakajitokeza. Mama Mlango alipiga mara nyingi, akachagua ile iliyoonekana ina nafuu, akaipeleka kwa wakala wa viza. Baada ya siku kadhaa maombi yakarudi: mdomo wazi, meno yanaonekana, leteni picha nyingine.

Mara ya pili akawa mwerevu. Alimwomba jirani wa duka la fotokopi abonyeze kamera, yeye mwenyewe akajificha nyuma ya pazia la mlangoni. Bibi alikaa, akakaza uso, kila kitu sawa. Kisha macho yake yakashuka, akaviona viatu vya mwanawe chini ya pazia. Mdomo aliuzuia kwa nguvu zote, lakini macho yakafinyika yakawa mistari miwili. Picha ikarudi tena: macho hayaonekani.

"Ile mashine yao ya kukagua picha haina mama," Mama Mlango alisema siku hiyo, na hakuwa anatania.

Swali la mlango? Alilijaribu, bila shaka. Mama yake ndiye binadamu pekee duniani ambaye halimpati. Alipoulizwa kama amefunga mlango, alicheka zaidi. "We mtoto, si unajua sifungi."

Na kwa nini acheke kila anapomwona binti huyu? Mwandishi alimuuliza bibi mwenyewe, wamekaa kwenye benchi.

"Huyu alikuwa mtoto wa kulia," alisema. "Dada yake alikuwa mtulivu, lakini huyu, loo, alikuwa analia kutwa. Dawa yake ilikuwa moja, nimwangalie usoni nicheke, basi ananyamaza. Sasa uso wangu umezoea. Nikimwona tu, unacheka wenyewe. Nifanyeje?"

Mwanawe, aliyekuwa anakata picha za mtu kwenye meza, aliinamia mkasi na kuendelea kukata.

Hapo palikuwa na jambo zito nyuma ya kicheko. Barua ya mwaliko ambayo dada aliihangaikia kule visiwani, ikagongwa muhuri na ofisi ya mji, ilikuwa na mwisho wake. Ikiisha kabla viza haijatoka, kila kitu kinaanza upya, na dada alishaambiwa kwamba mwaliko mwingine hawezi kuomba mpaka kibali chake kitoke, kitu ambacho hakuna ajuaye lini. Bibi amekula chumvi nyingi. Hakuna aliyetaka kusema kwa mdomo kwamba huenda asiweze kusubiri tena, lakini kila mtu chumbani alilijua hilo, na yeye pia. Wakala wa viza alikuwa amesema waziwazi: picha ya tatu ikikataliwa, muda wa mwaliko hautatosha.

Asubuhi ya picha ya tatu, ukuta umefutwa mara mbili. Bibi anaingia na mtandio wake, anasalimia benchi zima mmoja mmoja, anaulizia afya za watu asiowajua. Anakataa koti jeusi. "Nikamwone mwanangu na nguo ya watu?" Anakaa. Mtandio unarudishwa nyuma ili masikio yaonekane. Mama Mlango anarekebisha taa ya kushoto, anaisogeza, anairudisha pale pale ilipokuwa.

Anainama nyuma ya kamera. Mama yake anamwona, anacheka.

"Mama, tafadhali."

"Nimeacha. Haya, piga." Na anacheka.

"Mama, umefunga mlango?"

Benchi linacheka, bibi anacheka nao. Mama Mlango anainuka. Anasimama kando ya kamera, mkono mmoja juu yake, kidole kwenye kitufe. Macho yamemjaa maji. Kisha anauliza, polepole, si kwa sauti ile ya kazini.

"Mama. Ule mlango wa kutokea wasafiri ukifunguka, ukamwona dada amesimama pale, utamwambia nini?"

Bibi anafungua mdomo kujibu, halafu anaufunga. Mashavu yanashuka taratibu. Macho yanabaki wazi, yanamtazama mwanawe na kumpita, yanatazama mbali, penye mtu mwingine. Hakuna huzuni usoni, wala furaha. Ni uso wa mtu anayetafuta neno ambalo hajawahi kulihitaji mpaka leo.

Kamera inalia mara moja.

"Tayari?" bibi anauliza baadaye.

"Tayari, mama."

Anashuka kwenye stuli, anakwenda kwenye kioo, anafunga mtandio wake. Hajalijibu swali. "Swali gani hilo la kumuuliza mtu amekaa bila hata kuegemea," ananung'unika, anachukua pochi yake na kwenda nyumbani.

Mama Mlango alifunga studio kwa muda siku hiyo, akakaa kwenye stuli yeye mwenyewe. Alionekana kama mtu aliyefanya kosa.

"Sikuuliza kwa ajili ya picha," alisema. "Nataka uandike hivyo. Niliuliza kwa sababu nilitaka kujua. Miaka yote hii nataka kujua kama mama ana kinyongo na dada, kwa kutomzika baba. Nilikuwa naogopa asafiri mbali hivyo, wafike wazungumze habari za nyanya. Kidole kilibonyeza chenyewe, kimezoea."

Kisha akaongeza: "Nimemwondolea mama kicheko. Maisha yangu yote sijawahi kumwona bila kicheko, na leo nimekitoa kwa mkono wangu."

Picha ilikubaliwa. Viza ikabandikwa kwenye ukurasa wa pasipoti, na picha ile ndani yake, siku chache kabla mwaliko haujaisha. Bibi aliletewa, akavaa miwani, akaitazama kwa karibu, kisha kwa mbali.

"Huyu mama ana mawazo," alisema. "Mwambieni atabasamu kidogo." Halafu wasiwasi ukamwingia. "Sasa nikifika kule nikicheka, watanijua kweli kwamba ni mimi?"

Siku ya safari watu walikusanyika nyumbani kwake, nyumba ya vyumba viwili yenye mlango wa bluu. Sanduku lilishatoka. Bibi alisimama kizingitini, akautoa ufunguo kwenye msumari, akamkabidhi mwanawe.

"Funga."

Ufunguo uliingia lakini haukuzunguka. Kufuli lilikuwa limelala miaka kumi na moja. Waliliwekea mafuta ya kupikia, wakalisubiri, wakalijaribu tena, bibi akilihimiza kama anavyohimizwa mtoto kunywa dawa. Hatimaye likakubali, kwa mlio uliowafanya majirani wageuke.

"Mama, una uhakika?" Mama Mlango alimuuliza. "Naweza kuuacha wazi."

"Wa nini tena? Niliyekuwa namwachia wazi namfuata mwenyewe." Akashika mkono wa mwanawe, na akaanza kutembea kuelekea kwenye gari.

Simu ilikuja kesho yake, Mama Mlango akiwa kazini, mteja kwenye stuli. Sauti ya bibi ilijaa chumba, maana ana imani kwamba nchi ya mbali inataka kupaziwa sauti. Hakusema amefika. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Ulifunga mlango?"

"Mama, si ulikuwepo? Tulifunga pamoja."

"Haya. Nilikuwa nafikiri tu huku njiani."

Kisha simu ikachukuliwa na dada, na Mama Mlango akatoka nje nayo, akasimama karibu na ukuta wa duka la fotokopi. Aliyoyasikia alimsimulia mwandishi jioni ile, akisimama kila mara ili ajikusanye.

Dada alikuwa ameandaa maneno. Alikuwa nayo kwa miaka, ya kuomba radhi kwa kutomzika baba, aliyapanga hata ndani ya basi akienda uwanjani. Mlango wa wasafiri ukafunguka, mama akatoka na pochi yake kifuani, akaangaza huku na huku, akamwona. Akaja moja kwa moja. Akamshika mashavu, akamgeuza uso kushoto, kulia.

"Umekula?" akamuuliza.

Dada akasema bado, mama.

Basi mama akafungua pochi, akatoa mkate mdogo wa kwenye ndege, ameuhifadhi kwenye leso tangu angani, akampa. Dada akaula pale pale, amesimama katikati ya watu na masanduku yao, analia, makombo yanamdondokea kifuani. Na alipojaribu kusema habari za baba, mama akamwambia, "Baba yako alijua uko kazini. Kula."

"Halafu unajua alifanya nini?" Mama Mlango anasema. "Dada anasema mama alikuwa anamwangalia usoni, anacheka. Hakuacha kucheka mpaka dada aliponyamaza. Dada hakuwa mtoto wa kulia, hakuwahi kuchekewa hivyo. Ile ilikuwa yangu. Ni sawa. Amemgawia."

Bibi atakaa visiwani miezi mitatu, muda wote wa viza yake. Inasemekana tayari ameshapata marafiki wawili katika nyumba ile ya wazee, na lugha yao haijui hata neno moja.

Mama Mlango naye ameanza safari yake mwenyewe ya karatasi. Ameshaomba pasipoti. Anakusudia mama akirudi, zamu iwe yake, kibali cha dada kiwe kimetoka au hakijatoka. Anataka kulivaa koti jeusi ndani ya ndege, likaone nchi ambayo limepigiwa picha kwa ajili yake miaka yote hii. Kilichobaki ni picha ya viza, na hapo ndipo alipogundua kwamba tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kumpiga yeye kwenye stuli ile.

Anamwita mwandishi, anampa kamera, anamwonyesha pa kubonyeza mara tatu, maana hamwamini. Anavaa koti. Anakaa kwenye stuli, anarudisha nywele nyuma ya masikio, anakaza uso, na midomo inaanza kumcheza kama ya mteja yeyote.

"Umefunga mlango?" mwandishi anamuuliza.

Mkono wake unakwenda kifuani, ulipo ufunguo wa mama yake, umefungwa kwenye uzi. Uso unatulia. Kamera inalia.

Anaikagua picha kwa makini, kidevu, masikio, nafasi ya juu ya kichwa. Anasema inafaa, ingawa mpigaji hana mkono wa kazi. Kisha anavua koti, analirudisha kwenye msumari, anazima taa moja na kusimama kidogo akiwaza. Anawaambia waliobaki kwenye benchi wamsubiri kidogo, na anatoka kwenda nyumbani kwa mama yake, kuangalia kama kweli amefunga.